Kiti cha Dereva wa Matatu: Namna ya Kukiunda Kidumu Bila Kuumiza Mgongo

Gari jipya linapotoka kwa waunda bodi, mwenyewe hulizunguka akikagua rangi, taa, spika na viti vya abiria. Kiti cha dereva huangaliwa mwisho, ikiwa kitaangaliwa. Hayo ni makosa makubwa. Abiria wa Thika hukaa garini saa moja, foleni ikizidi saa mbili, kisha hushuka na kwenda zake. Dereva yuko pale pale tangu kabla ya jua kuchomoza, na mara nyingi huteremka usiku. Kiti chake ni kifaa cha kazi sawa na breki na usukani. Kikiwa kibovu kinamharibu mtu mgongo, kinampunguzia umakini barabarani, na hasara yake haikawii kumfikia mwenye gari.

Nawaandikia watu watatu: wewe mwenye gari la njia ya 237 au 145, wewe fundi wa viti wa Makongeni au Ruiru mjini, na wewe dereva ambaye kila asubuhi unatoka nyumbani na kimto cha kuweka kiunoni. Kimto hicho, taulo lililokunjwa na mkeka wa shanga za mbao ni ushahidi kwamba aliyeunda kiti hakumaliza kazi yake.

Vifaa haviko mbali. Thika ndiko kilipo kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya, na ambako mabasi ya umeme ya BasiGo yameunganishwa. Ngozi husindikwa papo hapo mjini, kwa Leather Industries of Kenya na Bulleys Tanneries. Chuma kinayeyushwa Ruiru, kwa Devki. Mafundi wa kuchomelea na wa cherehani wamejaa kila mtaa. Kinachokosekana sana ni vipimo, na ujuzi wa kwamba kiti kinaweza kuwa laini na bado kikaumiza.

Adui wa kwanza ni mtikisiko

Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012, na lami yake ilipunguza mateso mengi. Lakini matatu haiishi kwenye lami hiyo peke yake. Inaingia Kimbo, inaelekea Gatong'ora, inateremka Gatuanyaga, inapita kwenye changarawe, mashimo na matuta. Lori la mawe linalotoka machimbo ya Ndarugo lina hali mbaya zaidi, na yote ninayosema hapa kuhusu dereva wa matatu yanamhusu na yule wa lori.

Tazama dereva ameketi wapi. Ndani ya Hiace yuko juu ya injini, karibu kabisa na ekseli ya mbele. Kwenye Isuzu NQR iliyoundiwa bodi ya abiria, ni vivyo hivyo: magurudumu ya mbele yako chini yake. Abiria wa katikati hupata nafuu kwa sababu yuko kati ya ekseli mbili. Dereva hana nafuu hiyo. Gurudumu likigonga tuta, pigo linapita kwenye springi, chesi, sakafu na kiti, kisha linaishia kwenye uti wa mgongo wake.

Sasa hapa ndipo penye siri ya kazi hii. Mwili wa mtu aliyeketi una mwendo wake wa kutikisika ambao unaukuza mtikisiko badala ya kuumeza. Ukitikiswa kwenda juu na chini kati ya mara 4 na 6 hivi kwa sekunde, uti wa mgongo na viungo vya tumboni hucheza zaidi ya kiti chenyewe. Na kiti cha kawaida cha sponji na springi, akikikalia mtu mzima, nacho hupenda kucheza kwa mwendo wa mara 4 hivi kwa sekunde. Viwili hivyo vikikutana, kiti kinaongeza pigo lililotoka sakafuni. Ndiyo maana dereva anaweza kukaa kwenye kiti kinachobonyea vizuri karakanani, akakisifu, na baada ya wiki mbili za Kimbo akaanza kushika kiuno.

Umoja wa Ulaya uliweka sheria kuhusu jambo hili mwaka 2002. Mtikisiko wa mwili mzima, ukipigiwa hesabu ya siku ya kazi ya saa 8, ukifika mita 0.5 kwa sekunde mraba, mwajiri lazima achukue hatua za kuupunguza, na 1.15 ndicho kikomo kisichoruhusiwa kuvukwa. Kenya nayo ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi, vifaa na kazi yenyewe vinalingana na mwili na uwezo wa mfanyakazi. Dereva wako ni mfanyakazi, na kiti ndicho mahali pake pa kazi.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Simu nyingi za kisasa zina kihisi cha mtikisiko, na ziko programu za bure za kukisoma. Ifunge simu kwa utepe kwenye sakafu kando ya miguu ya kiti, mwenzako aendeshe kipande kimoja cha barabara mbovu kwa kasi ile ile, kisha urudie simu ikiwa imebanwa kati ya makalio ya dereva na sponji, ndani ya kibamba kigumu chembamba ili isipinde. Simu si chombo cha maabara, lakini inatosha kulinganisha. Namba za kitini zikizidi za sakafuni, kiti chako kinaongeza mtikisiko. Kibadilishe hata kama reksini bado inang'aa.

Pima mtu kabla ya kukata chuma

Mafundi wengi hukata kiti kwa kukadiria, au kwa kunakili kile kilichotoka. Mwite dereva karakanani, mwite na skwodi wake, yaani yule anayempokea usukani, kwa sababu watu hao wawili watashiriki kiti kimoja na mara nyingi hawalingani kimo. Siku hizi pia kuna akina mama wengi kwenye usukani, na kiti kilichopangwa kwa mwanamume mrefu humlazimisha dada kuendesha akiwa ameketi ukingoni, mgongo haugusi popote.

Mketishe mtu kwenye benchi gumu, akiwa na viatu vyake vya kazi. Pima kutoka kisigino hadi nyuma ya goti: hicho kinakupa kimo cha kikalio. Kisha pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, utoe sentimita 5: hicho ndicho kina cha kikalio. Kwa watu wengi kitaangukia kati ya sentimita 40 na 45. Ukikifanya kirefu zaidi, ukingo wa mbele utabana mishipa nyuma ya magoti na miguu itakufa ganzi kwenye foleni ya Githurai. Ukikifanya kifupi mno, mapaja yatakosa wa kuyabeba na uzito wote utakaa kwenye mifupa miwili ya makalio. Upana wa sentimita 48 hadi 50 unawatosha walio wengi. Sehemu ya kukalia iinuke kidogo mbele, nyuzi 5 hadi 10, ili mtu asiteleze kila anapokanyaga breki.

Kipimo muhimu kuliko vyote ni cha klachi. Dereva akanyage klachi hadi mwisho huku kiuno chake hakijaachana na egemeo, na goti lake libaki limekunjika kidogo. Akilazimika kusogeza nyonga mbele ili aifikishe, hilo atalifanya mamia ya mara kila siku ya foleni, na kila mara mgongo wake unajikunja bila kuegemea. Baada ya klachi, angalia usukani: mikono ikiwa juu yake, viwiko viwe vimekunjika vizuri na mabega yawe yametulia. Kipi kisogezwe, kiti au usukani? Kama usukani wa gari lako unarekebishwa, anza na kiti kwa ajili ya miguu, kisha usukani kwa ajili ya mikono.

Kwa hiyo kiti lazima kisogee mbele na nyuma, angalau sentimita 15, na egemeo liweze kulala na kusimama. Kikiweza kupanda na kushuka, ni bora zaidi. Reli za kiti zilizotolewa kwenye lori lililovunjwa zinafaa kuliko zile za kubuni karakanani, mradi zijifunge pande zote mbili. Reli inayojifunga upande mmoja tu hupinda kiti kidogo kidogo, na dereva huishia kukaa upande bila kujua. Ukishaifunga, simama nyuma ya kiti, ukishike kwa mikono miwili na ukisukume kwa nguvu zako zote. Kikiteleza hata jino moja, usikubali gari litoke.

Hakikisha kila wenzo wa kurekebisha kiti unafikika kwa mkono bila kuangalia chini. Wenzo uliojificha nyuma ya kisanduku cha sarafu hautatumiwa na mtu, na skwodi ataendesha kwa vipimo vya mwenzake.

Fremu, bolti na mkanda

Hapa sina mengi, ila usiyaruke. Tumia bomba la chuma la mraba la inchi 1, geji 16. Geji 18 ni nyepesi na ya bei nafuu, inatosha kwa kiti cha sebuleni, haitoshi hapa. Nyufa huanzia karibu kila mara mahali egemeo linapokutana na kikalio, kwa sababu dereva akijisukuma nyuma, egemeo lote linakuwa wenzo unaovunja kiungo hicho. Weka bamba la pembetatu la milimita 3 au 4 kila upande, na uchomelee mshono mzima. Kudonoa kwa nukta mbili tatu hakutoshi. Kabla ya rangi, safisha kutu na mabaki ya kuchomelea, paka praima, kisha rangi. Kama unachomelea ndani ya gari, toa sponji yote nje kwanza na utenganishe betri.

Kwenye Hiace, tumia matundu ya kiwandani na usitoboe mapya ovyo. Kwenye bodi iliyoundwa nchini, miguu ya kiti ifungwe kwenye mihimili ya sakafu, kwa bolti 4 za milimita 10 zenye alama ya 8.8 kichwani, nati za kujifunga, na chini ya sakafu bamba la sentimita 10 kwa 10 lenye unene wa milimita 5. Bolti iliyoshikilia bati tupu itang'oka na bati lake. Piga hesabu hii: mtu wa kilo 75, gari likigonga na kusimama kwa ghafla kiasi cha mara 20 ya nguvu ya uvutano, anavuta mkanda na kiti kwa nguvu sawa na uzito wa tani moja na nusu. Kwa sababu hiyo hiyo, mkanda wa dereva ufungwe kwenye muundo wa gari lenyewe. Usiufunge kwenye fremu ya kiti uliyoiunda wewe, kwa kuwa haijawahi kupimwa kwa kazi hiyo. Mikanda ilikuja na kanuni za Waziri John Michuki, zilizotangazwa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004. Ni aibu kuwa miaka zaidi ya 20 baadaye bado unakuta mkanda wa dereva umefungwa kwa waya.

Bodi za magari ya abiria nchini zina kiwango chake cha KEBS, KS 372 cha mwaka 2014. Muulize muunda bodi wako kama anakifuata, na umwambie akuonyeshe cheti kabla ya kulipa malipo ya kwanza.

Sponji: hapa ndipo watu huibiwa

Sponji ina sifa mbili ambazo wauzaji huzichanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa makusudi. Ya kwanza ni uzito wake kwa ujazo, yaani kiasi cha sponji halisi kilichomo ndani ya kipande. Ya pili ni ugumu, yaani nguvu inayohitajika kuibonyeza. Sponji inaweza kuwa ngumu na nyepesi. Siku ya kwanza inakubeba vizuri, na baada ya miezi michache imelala kabisa, dereva ameketi juu ya chuma. Kinachoamua itadumu miaka mingapi ni uzito. Ugumu unaamua tu utajisikiaje leo.

Ukiambiwa ni haidensiti, pima. Mwambie muuzaji akukatie mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Huo ni ujazo wa lita moja. Upeleke kwenye mizani ya gramu, ile ya waokaji keki. Gramu utakazosoma ndizo kilo kwa mita ya ujazo: mchemraba wa gramu 50 ni sponji ya kilo 50. Sponji ya kilo 20 hivi, inayojaa kwenye magodoro ya bei ya chini, haifai kiti cha dereva hata kwa wiki. Kwa kikalio tafuta kati ya 50 na 60, ya aina inayorudi upesi ukiiachia. Kwa egemeo, 40 inatosha.

Usiweke sponji moja tu. Chini kabisa weka tabaka la sentimita 5 la ile sponji ya vipande vilivyogandishwa pamoja, yenye rangi mchanganyiko. Ni nzito, ni ngumu, na kazi yake ni kuzuia mtu asifike kwenye chuma gari linapotumbukia shimoni. Juu yake weka sentimita 5 za ile nzuri ya kilo 50 na zaidi. Jumla ni sentimita 10. Ukiongeza tabaka la tatu laini kwa ajili ya kumfurahisha dereva karakanani, utakuwa umemrudisha kwenye ule mtikisiko wa mara 4 kwa sekunde. Ikibidi, sentimita 1 tu, chini ya kifuniko.

Jaribio lake ni rahisi. Dereva aketi, wewe upenyeze vidole chini ya mifupa ya makalio yake, kati ya mwili na kiti, kisha aruke kidogo akiwa ameketi. Ukihisi mfupa unagonga kitu kigumu, tabaka la chini halitoshi. Halafu mwache aketi dakika 30, si dakika mbili. Sponji mbaya huchukua nusu saa kujifichua.

Sponji ikatwe kwa umbo. Ukingo wa mbele uviringwe uteremke taratibu chini ya magoti, na kando ziinuke kidogo zimshike dereva kwenye kona bila kumbana. Gundi ipakwe pembeni na kwa wembamba. Ikimwagwa katikati inakauka na kuwa gamba gumu ambalo mtu atalihisi kila siku. Chini ya sponji, springi za zigizaga ni bora kuliko ubao, lakini ziwe zimekazwa. Ukitumia plaiwudi, iwe ya milimita 12 na uitoboe matundu ya kutosha. Matundu hayo yana kazi mbili: kupitisha hewa, na kutoa maji. Matatu huoshwa kila siku kwa mpira wa maji, na mwoshaji halindi kiti. Maji yanaingia kwenye mshono, yanakaa ndani ya sponji, na fremu inaoza kutoka ndani huku kifuniko kikionekana kipya.

Kuna pia hatari ya moto. Sponji ya poliyurethani huwaka haraka na moshi wake ni sumu, na ndani ya Hiace imewekwa juu ya injini. Kipimo kinachotumika Marekani kwa vitu vya ndani ya gari ni kwamba mwali usitembee zaidi ya milimita 102 kwa dakika. Kata ukanda mwembamba wa sponji na mwingine wa kifuniko, uende nje mahali pa wazi, uwashe ncha moja na uangalie. Kinachodondosha matone ya moto na kuteketea mara moja kisiingie garini. Halafu, kabla hujarudisha kiti cha Hiace, hakikisha zulia la kuzuia joto na mpira wa kifuniko cha injini viko mahali pake. Mara nyingi hupotelea gereji, na dereva hupikwa miguu mwaka mzima.

Egemeo na kiuno

Daktari wa mifupa wa Uswidi, Alf Nachemson, alianza katika miaka ya 1960 kupima kwa sindano shinikizo lililo ndani ya diski za mgongo wa watu walio hai. Alikuta kwamba mtu aliyeketi bila kuegemea alizibana diski zake kuliko aliyesimama. Vipimo vilivyofuata, alivyofanya na wenzake, vilionyesha kuwa shinikizo linashuka egemeo likilazwa nyuma kidogo na kiuno kikipata kitu cha kukisukuma mbele. Watafiti wa baadaye wamebishana naye kuhusu ukubwa wa tofauti ya kuketi na kusimama, lakini faida ya kuegemea na ya kukishika kiuno haijabatilishwa.

Lilaze egemeo nyuzi 10 hadi 20 kutoka wima. Uvimbe wa kiuno uwe na unene wa sentimita 2 hadi 4, na katikati yake iwe kati ya sentimita 15 na 25 juu ya kikalio, ukipima dereva akiwa ameshaketi na sponji imeshabonyea. Mafundi wengi hupima sponji ikiwa haijakaliwa, na uvimbe unaishia mbavuni. Kwa kuwa dereva na skwodi wanatofautiana, njia rahisi ni kuufanya uvimbe huo kipande cha pekee kinachoshikwa kwa velkro nyuma ya kifuniko, kiweze kupandishwa na kushushwa. Na chini ya uvimbe, acha nafasi ya makalio kurudi nyuma. Egemeo lililonyooka kama ukuta hadi chini humsukuma mtu mbele.

Egemeo lipande hadi mabegani lakini liyaache mabega huru kuzunguka, maana dereva wa matatu hugeuka sana kuangalia mlango na vioo. Kichwa kipate kizuizi chake. Gari likigongwa kwa nyuma, shingo ndiyo huumia.

Kifuniko

Reksini nene inafaa pembeni na nyuma, mahali panaposuguliwa na kuoshwa. Katikati, mtu anapogusana na kiti, weka kitambaa kizito cha magari au reksini yenye vitundu, kwa sababu jua la mchana la Thika hugeuza reksini tupu kuwa kikaango. Ngozi halisi inapumua na inadumu, lakini inataka kupakwa mafuta, na kwenye gari linalooshwa kwa mpira wa maji itapasuka mapema; mimi singeigharamia. Shona kwa uzi wa nailoni au poliesta mzito, mishono miwili sambamba, na mshono usipite mahali makalio yanapokaa. Weka zipu nyuma ili kifuniko kitoke na kufuliwa. Kwenye ukingo wa upande wa mlango, ambako dereva husugua kila anapopanda na kushuka, shona kiraka cha pili tangu mwanzo.

Je, kiti cha hewa?

Ukiwa na uwezo, ndiyo, hasa kwa lori na kwa matatu ya njia mbovu. Kiti cha hewa kilichopangwa vizuri hucheza polepole, chini ya mara 2 kwa sekunde, na kwa hiyo mitikisiko ile ya 4 hadi 6 inayoumiza hufika kwa dereva ikiwa imepunguzwa. Vilivyotumika hupatikana kwa wauza vipuri wa Kirinyaga Road na Grogan, Nairobi. Kagua mfuko wa hewa kama una nyufa, kagua kidhibiti cha mshtuko kama kinavuja mafuta, na upandishe kiti hadi juu ukiache usiku kucha: kikikutwa asubuhi kimeshuka, kinavuja.

Mambo mawili huwaponza wanunuzi. Gari lisilo na breki za hewa halina mahali pa kuchukulia hewa, basi utahitaji kompresa ndogo inayolingana na umeme wa gari, au kiti cha springi chenye kirekebishi cha uzito. La pili ni kirekebishi chenyewe. Kikipangwa kwa mtu wa kilo 60 kisha akaketi wa kilo 95, kiti hulala chini na kugonga mwisho wake kwenye kila tuta, na pigo hilo ni baya kuliko la kiti cha sponji. Mfundishe kila dereva kukirekebisha kabla ya kuwasha gari. Tena upime urefu: kiti cha hewa kina kimo, na ndani ya Hiace kichwa cha dereva kitagonga paa. Humo baki na sponji nzuri.

Baada ya kutoka karakanani

Bolti zikazwe tena baada ya wiki ya kwanza na kila gari linapofanyiwa huduma. Kila baada ya miezi 6 bonyeza sponji mahali pa makalio ulinganishe na ukingo ambao haukaliwi. Tofauti ikizidi sentimita 2, badilisha tabaka la juu pekee. Angalia kama egemeo limeanza kuegemea upande. Sikiliza pia mlio: kiti kinacholia kwenye kona kina ufa au bolti iliyolegea. Usisubiri ukaguzi wa mwaka wa NTSA ukuambie.

Hata hivyo kiti hakimalizi kazi yote. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa usafiri wa London wapatao 31,000. Madereva, waliokuwa wakiketi siku nzima, walipata maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Ilhali wote walikuwa kwenye gari moja, hewa moja na mji mmoja. Kwa hiyo dereva, gari likifika steji ya mwisho, shuka. Zunguka gari, kagua magurudumu, jinyooshe kiuno, tembea huku kondakta akiita abiria. Usilale ukiwa umejikunja kwenye kiti kile kile ulichoendeshea.

Nawe mwenye gari, kanuni za NTSA za mwaka 2014 zinasema dereva wa gari la abiria asiendeshe zaidi ya saa 8 kati ya saa 24. Hakuna sponji wala hewa inayobadilisha hesabu hiyo. Ukiona kiwango cha pesa unachodai kila jioni hakifikiki ndani ya saa hizo, punguza kiwango, au mwandike skwodi wa kudumu, umpe zamu yake inayojulikana na umlipe.